Kufufua Tangi la Matumbawe baada ya Sumu ya Jongoo Bahari

Vifo vya ghafla katika tangi la matumbawe, yaani tangi la kioo lenye maji ya bahari ambamo samaki hufugwa pamoja na viumbe wajengao miamba, huhesabiwa kuwa msiba mmoja, ilhali hutokea kwa awamu na kila awamu ina muuaji wake. Mfano ulio bayana ni wa jongoo bahari anayevutwa na mdomo wa pampu na kuchanika. Mwili wake una holothurini, sumu ya jamii ya saponini, ambazo ni kemikali zitoazo povu kama sabuni na kuharibu matamvua ya samaki; wavuvi wa baadhi ya visiwa vya Pasifiki waliitumia kulewesha samaki waliobaki vidimbwini maji yanapokupwa. Katika tangi, samaki wote wanaweza kufa kwa muda mfupi huku matumbawe mengi yakiwa bado hai, na hayo ndiyo yanayostahili kuokolewa.

Mizoga huopolewa kwanza, pamoja na kila kipande cha jongoo kilichokwama ndani ya pampu, kisha maji hupitishwa kwenye mkaa maalumu wenye vitundu visivyoonekana kwa macho, ambao hunasa sumu za aina hii. Kitenga povu, chombo kinachopuliza viputo ili vibebe uchafu hadi juu, hufurika kwa sababu ya saponini, na wengi hukizima ili kuepusha sakafu kulowa. Ni afadhali kiachwe kimwagikie ndoo, kwa kuwa kinachomwagika ni pamoja na sumu yenyewe. Kubadilisha nusu ya maji mara mbili hubakisha robo ya kilichokuwemo, mradi maji mapya yawe na joto na chumvi sawa na ya zamani, karibu gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji.

Awamu ya pili huletwa na amonia, itokanayo na mizoga iliyooza mafichoni, nyuma ya mawe. Amonia ina sura mbili majini, na iliyo hatari zaidi huongezeka kadiri pH inavyopanda: kwenye pH 8.2 na joto la nyuzi 25 ni sehemu ndogo tu ya amonia yote, na pH ikishuka hadi 7.8 sehemu hiyo hupungua kwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo kuharakisha kupandisha pH kabla amonia haijaisha ni kuwapa waliosalia sumu kali zaidi.

Awamu ya tatu ndiyo isiyotazamwa, nayo hufika wakati maji yamekwisha kung'aa. Matumbawe magumu hujenga mifupa yao kwa kalisi na bikaboneti, na pampu ndogo za dozi hurudisha kila siku kile yanachotumia. Yanapokufa, pampu haina habari. Ikichukuliwa kwamba tangi lilitumia miligramu 30 za ualkali kwa lita kwa siku (ualkali ni uwezo wa maji kuhimili asidi, unaopimwa kama kalisi kaboneti) na nusu ya matumbawe yamekufa, ziada ya miligramu 15 hubaki kila siku, na katika siku 4 maji hutoka 120, kiwango cha kawaida cha bahari, hadi 180. Ncha za matumbawe yaliyosalia huungua na kuwa nyeupe, na hita hushika gamba la chokaa. Mfugaji, akidhani sumu imerudi, huongeza mkaa.

Tiba yake ni kusimamisha dozi kwa siku mbili, kupima ualkali saa ileile kila siku, na kuifanya tofauti iliyopatikana kuwa kipimo kipya, ambacho hupimwa tena kila wiki kwa sababu matumbawe yanayopona huongeza matumizi. Samaki hurejeshwa mwishoni, mmoja mmoja, baada ya mdomo wa pampu kuvikwa wavu wenye matundu madogo.