Norwegian Epic na Ukuta Uliokosekana

Mliotazama video za kabini za meli ya kitalii Norwegian Epic hamhitaji kuelezwa mengi. Ukifungua mlango, mkono mmoja kuna choo, mkono wa pili bafu, vyote nyuma ya kioo cha ukungu, na sinki limehamishiwa chumbani, hatua chache kutoka kitandani. Kati ya ujia huo na mahali pa kulala kuna pazia. Huo ndio uamuzi ninaouzungumzia leo, na sioni sababu ya kuzungukazunguka: katika meli za kitalii za kizazi hiki, sijaona kosa la kabini kubwa kuliko hilo.

Kilichotafutwa kinaeleweka. Meli ilipotoka kiwandani Saint-Nazaire, Ufaransa, mwaka 2010, ilikuwa na ujazo wa tani 155,873 na nafasi ya abiria wapatao 4,100 wakilala wawili wawili. Kwenye meli ya namna hiyo watu hugombania sentimita, na kila unachokiongeza kitandani umekipunguza bafuni. Wachoraji wakapinda kuta ili kitanda cha kabini moja kiingie kwenye tumbo la ukuta na jirani apate nafasi upande wa pili. Hapo sina ugomvi nao. Chumba kikaonekana kipana, na kuta za mviringo zinapendeza.

Ugomvi wangu unaanza bafuni. Desturi ya wajenzi wa meli ni kuliunda bafu kiwandani likiwa sanduku moja lenye choo, sinki na bomba la kuogea, kisha kulipandisha melini likiwa zima na kuliunganisha na mabomba. Sanduku hilo huwekwa upande wa mlango ili upande wa bahari ubaki huru. Lina kuta, lina mlango, lina feni yake. Kwenye Epic sanduku likavunjwa vipandevipande, na ujia wa kuingilia ndani ukageuzwa kuwa bafu.

Chukueni saa nane za usiku. Mwenzio anaamka kwenda msalani. Akiwasha taa, kioo kizima kinawaka na mwanga unapenya pembeni mwa pazia mpaka usoni kwako. Kivuli chake unakiona, sauti unaisikia, na harufu haina ukuta wa kuizuia. Akimaliza, sinki liko chumbani, kwa hiyo anasukuma kioo, anapita ujiani, anashika pazia, ndipo anafika penye maji. Mikono isiyonawiwa imeshagusa vitu viwili. Sinki lenyewe ni dogo, na maji yakiruka yanaangukia pale pale mnapoishi. Na asubuhi, anayetoka kuoga anatokea mbele ya mlango mkuu wa kabini, mlango uleule anaougonga mhudumu.

Mume na mke waliozoeana watavumilia. Lakini mama anayesafiri na mwanawe wa kiume aliyekwisha kuwa mtu mzima? Dada na shemeji yake mgonjwa? Watu wa kwetu husafiri kifamilia, na stara kwao si jambo la kuongezewa baadaye kwa pazia.

Watetezi wana hoja moja: vikitenganishwa, mmoja anaoga huku mwingine yuko chooni. Hoja ni nzuri, ila ilikwisha kujibiwa. Disney Magic ya mwaka 1998 iligawa bafu mara mbili katika kabini zake nyingi, na kila upande ukapewa kuta, mlango na sinki lake. Kutenganisha hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kutenganisha bila kujenga ukuta.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua nitarudi kwa Royal Princess ya mwaka 1984, iliyojengwa Helsinki, na leo narudi kwa haki kabisa. Wabunifu wake waliziweka kumbi za wageni sitaha za chini, wakapandisha kabini juu, na kila kabini ikatazama nje. Abiria wa bei ya chini na wa bei ya juu wote walitazama nje, na hakuna aliyetolewa ukuta wa choo ili apate dirisha. Hapo kuna fikra. Linganisheni na Oasis of the Seas ya mwaka 2009, ambako roshani nyingine zinatazama bustani iliyo katikati ya meli, abiria wa juu akichungulia chai ya wa chini. Nimeipinga roshani ya ndani tangu mwanzo na sijabadili neno.

Hata hivyo, Epic ilifanya jambo moja vizuri sana: vyumba 128 vya msafiri mmoja, vidogo, vikiwa na sebule yao ya pamoja.

Ushahidi wa mwisho dhidi ya bafu la Epic umetoka kwa wenye meli wenyewe. Norwegian Breakaway ya mwaka 2013 ilirudi na bafu la kawaida, lenye mlango, na vyumba vya msafiri mmoja vikabaki. Meli hiyo ilijengwa na Meyer Werft wa Papenburg, kiwanda kilekile kilichounda Liemba yetu ya Ziwa Tanganyika mwaka 1913. Ndani ya Liemba choo cha kabini za kawaida kilikuwa nje, cha kuchangia, lakini kilikuwa na ukuta.

Je, safari za meli hizi za kitalii zinafaa bei yake? Zinafaa, ukihesabu zote. Bei ya tangazo ni ya mtu mmoja katika kabini ya wawili. Ukienda peke yako kwenye kabini ya kawaida unaweza kudaiwa karibu mara mbili. Kampuni yenye Epic hutoza ada ya huduma ya karibu dola 20 kwa mtu kwa siku, na vinywaji, intaneti na matembezi ya bandarini mara nyingi ni hela nyingine. Mwenye pasi ya Kenya au Tanzania anayepandia Barcelona aongeze viza ya Schengen, tena ya kuingia zaidi ya mara moja ikiwa meli inatoka nje ya eneo hilo na kurudi. Baada ya hesabu hiyo, kabini ya ndani, katikati ya meli, sitaha ya chini ambako mrusho wa mawimbi ni mdogo, yenye bafu kamili, ni pesa iliyotumika vizuri kuliko roshani ya Epic.

Kwa hiyo kabla ya kulipa amana, mtake wakala akutumie mchoro wa kabini yenyewe, kwa namba yake, usiridhike na picha ya kitanda na roshani. Tazama choo kiko wapi na kimezungukwa na nini. Akishindwa kukuonyesha, usilipe.