Kimondo Hakipandi

Siku hizi twasoma mara nyingi, katika Kiswahili chetu, misemo iliyotoka kwa Waingereza: bei ya mahindi imeruka kama roketi, mwimbaji fulani amepanda kama kimondo, maduka yameota kama uyoga, deni limekua kama tonge la theluji linaloviringika. Hatuwalaumu Waingereza, maana kila taifa lina mifano yake. Lakini mwenye kuazima nguo na atazame kwanza kama yamfaa.

Tuanze na kimondo. Kimondo huwaka kwa mwendo wake mkali hewani, kisha huzimika. Kila mwenye macho hukiona kikishuka. Tukisema mtu amepanda kama kimondo, twasema kinyume cha tuonavyo. Roketi ya fataki ni afadhali, kwani hupanda kweli; ila baruti ikiisha, kijiti chaanguka. Mwaka 1792 Thomas Paine alimdhihaki Edmund Burke kwa mfano huo mzima, kupanda na kuanguka. Waandishi wetu wamechukua kupanda tu.

Theluji nayo iko Kongo, juu ya Ruwenzori, ambako kilele cha Margherita chafika meta 5,109. Lakini ni wangapi kati yetu waliopata kuiviringisha kwa mikono? Moto wa majani makavu, wakati wa kiangazi, kila mkulima aujua. Mfano huo twaupokea kwa furaha.

Uyoga pia twaupokea, lakini tuuelewe. Mvua ikinyesha, uyoga mkubwa hutokea penye vichuguu, na mtoto husema umeota usiku mmoja. Kumbe, chini ya udongo mchwa wamefanya kazi siku nyingi, wakikusanya majani na miti mikavu, wakiilisha bustani yao ya ukungu. Kilichoonekana ghafula kilitengenezwa kwa siri.

Hapo ndipo tulionapo kosa lililo kubwa kuliko lugha mbaya: misemo hii hufumba macho. Ukiandika kwamba bei imeruka kama roketi, basi hakuna aliyeipandisha: si ukame, si barabara mbovu, si mchuuzi aliyeficha magunia. Msomaji hushangaa, wala haulizi neno. Na ukimsifu kijana kwamba amefaulu kwa usiku mmoja, umemnyang'anya mama yake miaka ya kuuza mihogo sokoni, na mwalimu wake jioni zote za kusahihisha madaftari. Tena umewadanganya wadogo zake, watakaoungoja usiku huo bila kushika kitabu.

Maandiko Matakatifu yajua vema mambo ya ghafula. Mbegu ya penye mawe iliota upesi, ikanyauka. Mmea wa Yona ulikua usiku mmoja, ukafa kabla jua halijawa kali. Bali Bwana wetu alipotaka kuonyesha jinsi ufalme wake unavyokua, alitaja chachu, ambayo hufanya kazi ndani ya unga bila kuonekana.

Basi ninyi waalimu, na ninyi mnaoandika, kabla ya kuleta mfano wowote jiulizeni: ni nani aliyefanya jambo hili, na kwa muda gani? Andikeni jibu kwanza. Mara nyingi mtaona kwamba roketi haihitajiwi tena.