Kioo Kinachosomwa kwa Sikio

Kipanya cha kompyuta kilibuniwa kwa ajili ya jicho. Mvumbuzi wake, Douglas Engelbart, alipokionyesha hadharani mjini San Francisco, Desemba 1968, mpango ulikuwa huu: mkono usogee mezani, na jicho liifuate alama inayotembea kwenye kioo. Asiyeiona alama ile, mkono wake haumwambii kitu. Ndiyo maana watu wakisikia kwamba asiyeona anafanya kazi kwa kompyuta, huuliza kwanza: anabofya vipi? Swali ni la haki. Jibu lake ni ufundi mkubwa, nami nataka kuusifu, kwa sababu kila ninapousikia ukizungumzwa huzungumzwa kwa huruma, kana kwamba ni msaada uliomwangukia mtu, ilhali ni kazi ya sikio na vidole ambayo watu huifanyia mazoezi kwa miaka.

Zamani kidogo mambo yalikuwa mepesi zaidi. Kompyuta za mwanzoni mwa miaka ya 1980 zilionyesha maandishi matupu, mstari chini ya mstari, na kila herufi ilikaa kwenye kumbukumbu ya mashine ikiwa herufi. Jim Thatcher, mwanahisabati wa kampuni ya IBM, alitengeneza programu ya kuzitamka herufi hizo pamoja na Jesse Wright, aliyekuwa mwalimu wake chuo kikuu na ambaye hakuwa akiona. Mwaka 1986 IBM ikaitoa kwa umma. Lakini tayari yalikuwa yamekuja madirisha na picha. Kompyuta ya Macintosh ilitoka 1984, Windows ikaenea katika miaka ya 1990, na maandishi yakageuka michoro: kile kilichokuwa herufi ndani ya mashine sasa kilikuwa vitone vya rangi tu. Watu wasioona waliokuwa wameshapata ajira kwa ujuzi wao wa kompyuta walihofia kuzipoteza, na hofu yao ilikuwa na msingi.

Mafundi wakatafuta njia. Walitengeneza programu inayoinasa kila amri ya kuchora ikiwa njiani kuelekea kwenye kioo, kisha inaandika pembeni: hapa pana neno fulani, hapa pana kitufe, pale pana orodha. Kikajengwa kioo cha pili ndani ya kumbukumbu, kisichoonekana na mtu yeyote, na hicho ndicho kilichosomwa kwa sauti. Siku hizi mifumo ya kompyuta yenyewe hutoa habari hizo bila kunaswa, lakini wazo la kioo cha pili lingali linanishangaza. Ted Henter, aliyekuwa mwendesha pikipiki wa mashindano kabla ya kupoteza uwezo wa kuona katika ajali ya gari mwaka 1978, alikuwa miongoni mwa waliolibeba jambo hili. Kisoma skrini chake, yaani programu yake ya kukisoma kioo kwa sauti, iitwayo JAWS, kilianzia enzi za DOS, mfumo wa maandishi matupu, kikavuka hadi kwenye Windows, na watu wengi wakavuka nacho.

Hata hivyo kisoma skrini hutamka tu. Kusoma ni kazi ya mtu. Anayeona huupokea ukurasa wote kwa mara moja, kama aliyepanda juu ya paa katika Mji Mkongwe wa Unguja akayaona mapaa na bahari kwa pamoja. Anayesikiliza yuko chini vichochoroni, mlango mmoja baada ya mwingine, na ramani yote lazima aibebe kichwani. Mjuzi hasimami kwenye kila mlango. Katika ukurasa wa intaneti anabonyeza H na kurukia kichwa cha habari kinachofuata, T kwa jedwali, B kwa kitufe. Akibonyeza 2 anapita kwenye vichwa vya ngazi ya pili peke yake. Husikia silabi ya kwanza, akajua sicho anachokitaka, akaruka kabla neno halijaisha. Akitaka kimya anagusa Control, na sauti inakatika hapo hapo. Nimekaa kando ya watu wanaofanya kazi hivi, na kilichonivutia hakikuwa sauti bali mikato yake, jinsi vidole vinavyoamua nini kisisikilizwe.

Kasi nayo ni elimu. Msemaji wa kawaida wa Kiingereza hutoa kama maneno 150 kwa dakika, na wasikilizaji waliobobea huiendesha mashine kwa maneno 400 na zaidi. Mgeni akitega sikio hapati hata neno moja. Na sauti wanayoichagua wengi wao siyo ile laini inayomwiga binadamu. Wanapenda sauti kavu kama ya eSpeak, programu iliyoanzishwa na Jonathan Duddington, ambayo sauti zake hupatikana kwa hesabu badala ya kukatwa kutoka kwenye rekodi za mtu. Sauti iliyorekodiwa ikiharakishwa sana hulegea na konsonanti kumezwa, ilhali ile ya hesabu hubaki na ncha zake, na hujibu mara tu kidole kinapogusa kitufe. Kwa fundi, sauti inayochelewa kidogo tu inavunja mwendo. Uzuri wa sauti tunaupima sisi wenye kusikiliza kwa starehe. Wao huupima kwa kazi.

Sasa nirudi kwenye kipanya. Mwaka 2006 Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, alianza kuandika kisoma skrini kitakachotolewa bure, kwa sababu aliona si haki asiyeona atozwe mamia ya dola juu ya bei ile ile ya kompyuta anayolipa mwenzake anayeona. Akaungana naye James Teh, naye asiyeona. Walifahamiana tangu utotoni katika kambi ya muziki ya watoto wasioona. Programu yao, NVDA, ina jambo linalonifurahisha kuliko yote: ukitaka, kipanya hulia. Ukikisogeza juu, mlio unakuwa mwembamba. Ukikishusha, unakuwa mzito. Kikienda kushoto unausikia katika sikio la kushoto, kikienda kulia unahamia upande wa pili. Unaweza hata kuuagiza mlio upande nguvu palipo na mwanga kwenye kioo na kufifia palipo na giza. Eneo limegeuzwa kuwa sauti, na mkono uliokuwa bubu umepewa habari. Faili linaposhuka kutoka kwenye intaneti, milio hupanda ngazi kidogo kidogo kadiri kazi inavyokaribia kukamilika, na msikilizaji anajua amebakiwa na kiasi gani bila kuuliza.

Kwa kweli wengi hawakitumii kipanya kila saa, kwani kibodi ni ya haraka zaidi. Kinahitajika pale programu ilipoandikwa ovyo, kitufe kikawapo lakini hakifikiki. Hapo fundi huitafuta sehemu hiyo kwa vitufe vya tarakimu vilivyo kulia mwa kibodi, anaiamuru alama ya kipanya iende hapo, kisha anabofya kwa kitufe cha mkwaju, bila kugusa kipanya chenyewe.

Uandishi huo wa ovyo ndio unaonikera. Mtu anafungua ukurasa wa benki au wa chuo na kusikia “kitufe, kitufe, kitufe”, kwa kuwa aliyeutengeneza alichora picha ndogo nzuri na hakuipa jina. Tangu 2019 shirika la WebAIM la Marekani hukagua kila mwaka kurasa za mwanzo za tovuti milioni moja, na kila mwaka zaidi ya 90 katika kila 100 zimekutwa na kasoro zinazowatatiza watu wenye ulemavu. Kwetu kuna moja ya ziada. eSpeak inatamka Kiswahili, na kisoma skrini hubadili lugha chenyewe ukurasa ukijitambulisha kuwa ni wa Kiswahili. Lakini ukurasa wa Kiswahili uliotambulishwa kuwa wa Kiingereza husomwa kwa ulimi wa Kiingereza, irabu zikapindwa na maneno yakavunjika. Mwanafunzi anayejifunza kompyuta katika shule ya wasioona ya Thika, ambako shirika la inABLE lilianzisha maabara, au kwingineko Afrika Mashariki, analazimika kuijua lugha yake mara mbili: ilivyo, na ilivyoharibiwa. Dawa yake ni herufi mbili katika msimbo wa ukurasa, sw, na kila anayetengeneza tovuti ya Kiswahili anaweza kuziandika leo.

NVDA yenyewe imeandikwa kwa sehemu kubwa katika Python, lugha ya programu ambamo nafasi tupu mwanzoni mwa mstari ina maana: mstari ukisogezwa ndani isivyostahili, programu inakataa kufanya kazi au inafanya jingine. Jambo la macho kabisa, ungesema. Ndani ya NVDA kuna chaguo la kuzisikia nafasi hizo kwa milio, mstari ulioingia ndani zaidi ukilia kwa sauti ya juu zaidi. Kwa milio hiyo waandishi wa programu wasioona wanaweza kuufuata msimbo wa NVDA mstari kwa mstari, wakirekebisha kwa sikio chombo kile kile wanachokisikilizia.