Msamaria Asiyechoma Tena

Kila hadithi ya Msamaria mwema inaposimuliwa katika Shule ya Jumapili hapa Karatu, nangoja sentensi moja, nayo haikawii: Wayahudi walikuwa na roho mbaya. Hata mimi nimewahi kuisema. Watoto wanapaka rangi picha ya punda, kisha wanarudi nyumbani wamejifunza huruma na dharau kwa pamoja.

Kosa liko kwenye usimulizi wetu. Katika Luka 10, kabla ya kusikia habari za majambazi, ni mwanasheria wa Kiyahudi anayeitaja amri ya kumpenda jirani, tena anaambiwa amejibu vyema. Kaitoa Walawi 19, sura ambayo mbele kidogo inaagiza hata mgeni apendwe vivyo hivyo. Kwenye Talmud yupo Hillel, aliyetakiwa na mgeni amfundishe Torati yote huku mgeni mwenyewe amesimama kwa mguu mmoja. Hakumfukuza. Alimwambia asimtendee mwenzake analolichukia yeye, kisha aende akajifunze yaliyobaki. Watoto wangu huipenda hii kuliko ya punda. Darasa zima husimama kwa mguu mmoja, na wapo wanaoanguka makusudi.

Halafu kuna lile jina. Siku hizi "msamaria mwema" ni mtu aliyeokota pochi akairudisha. Kwa wasikilizaji wa kwanza jina Msamaria lilichoma. Sisi tunalo la kwetu: Mmang'ati. Wenyewe ni Wadatoga. Hilo walipewa na Wamasai, na maana yake ni adui. Waliishi ndani ya kreta ya Ngorongoro mpaka Wamasai walipowaondoa katika karne ya 19. Sisi Wairaqw tumelirithi jina hilo pamoja na ugomvi wa ng'ombe.

Yesu alikuwa Myahudi akiwasimulia Wayahudi. Alikosoa nyumbani kwake. Sisi tunakosoa nyumba ya watu wengine. Kwa hiyo Jumapili moja nilimlaza Mwiraqw aliyepigwa kando ya barabara ya Oldeani. Mchungaji akapita na gari, mwinjilisti akapita na pikipiki (baadaye niliulizwa ofisini kuhusu hilo). Wa tatu akatokea Mmang'ati na fimbo yake.

Binti mmoja akauliza, "Mwalimu, huyo ndiye anakuja kummalizia?"

Nyuma alikaa mvulana ambaye mama yake ni Mdatoga. Mwaka mzima hakuwahi kunyoosha mkono. Akasema bila kunyoosha, "Anakuja kumbeba."