Ulimi wa Tete

Katika vyombo vyote vya kupulizwa nivijuavyo, sijaona kinachomdai mpigaji wake maarifa mengi kuliko zumari ya kiwiko ya Ayalandi, ambayo wenyewe huiita uilleann. Kwani haimtoshi mwenye kuichukua awe na sikio jema na vidole vyepesi, wala haimtoshi awe amehifadhi mamia ya lahani, maadamu baridi itaingia siku moja, hewa ya chumba itakauka, na sauti aliyoiacha usiku ikiwa tamu na timamu ataikuta asubuhi imekuwa kali na yenye mikwaruzo, au imekataa katakata kutoka. Mpiga fidla akikatikiwa na uzi hununua mwingine dukani. Mpiga zumari hii hana duka la kukimbilia. Ana kisu chake, na kile alichofunzwa na waliomtangulia. Ndiyo sababu nasema kwamba kuipiga, kuitunza na kuielewa ni kazi moja, na kwamba mwenye kuijua sehemu moja tu ya kazi hiyo ni mgeni katika chombo chake mwenyewe.

Mpigaji huketi. Chini ya kiwiko kimoja, aghalabu cha kulia, hufungiwa mvukuto mdogo ambao kila kiwiko kishukapo husukuma hewa kwenye kiriba cha ngozi kilichobanwa na kwapa la pili, na kutoka kiribani hewa hugawanyika: nyingine huenda kwenye zumari kuu, isimamayo juu ya paja na kutoa tuni, nyingine huenda kwenye mabomba matatu ya mvumo, kila moja likishuka daraja nzima chini ya mwenzake, yanayoshika sauti ile ile tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho, na nyingine hungoja katika mabomba matatu zaidi, yaliyozibwa miisho na kupangwa vifuniko vya shaba, ambayo mpigaji huyaamsha kwa ukingo wa kiganja, vidole vikiwa havijaacha kazi yao, ili kuitilia tuni nguzo za sauti chini yake.

Msomaji wa pwani, aliyekwisha kuona zumari ya ngomani kwetu na mashavu ya mpigaji yalivyovimba, ataona mara moja kwamba vyombo hivi viwili ni vya ukoo mmoja, kwani vyote huimba kwa ulimi wa mabamba mawili yanayotetemeka. Tofauti ni pumzi. Pumzi ya kinywa ina joto na unyevu, na unyevu huo huulainisha ulimi na kuuchosha upesi. Bali hewa ya mvukuto ni hewa ya chumbani tu, kavu na ya wastani, na kwa hiyo mafundi wa Ayalandi, tangu karne ya 18 chombo hiki kilipoanza kupata umbo lake, waliweza kuuchonga ulimi mwembamba kiasi ambacho kinywa kisingeustahimilia. Katika wembamba huo ndimo ulimotoka uwezo wa zumari kuu kupanda daraja ya pili ya sauti, jambo ambalo zumari nyingi za viriba duniani haziliwezi: mpigaji huziba matundu yote, hukandamiza mwisho wa zumari juu ya paja hata hewa ikose pa kutokea, huongeza nguvu ya kiriba kidogo, na afunguapo, sauti huwa imekwisha kuruka juu.

Ulimi wenyewe hutokana na tete nene lioteshwalo sana katika nchi za Bahari ya Kati, ambalo wataalamu wa mimea wamelipa jina la Arundo donax. Fundi hukata kipande kifupi, hukipasua kwa urefu, hukichimba upande wa ndani kwa patasi ya duara na kukisugua kwa msasa hadi unene wake ulingane kushoto na kulia. Kisha hukikata katikati apate mabamba mawili ya nasaba moja, huyakabilisha, na kuyafunga mikia kwa uzi wa katani uliopakwa nta juu ya kibomba chembamba cha shaba ya manjano. Juu ya fundo huvisha ukanda wa shaba nyekundu unaoweza kusogezwa na kubanwa. Yote hayo ni matayarisho. Midomo ya mabamba sasa hukwanguliwa kwa kisu, mkwaruzo mmoja, kisha hujaribiwa. Mkwaruzo mwingine, hujaribiwa tena. Na fundi huisikiliza hasa ile sauti itokayo tundu la nyuma linapofunguliwa na dole gumba, kwa sababu sauti hiyo ikizama kila anapoongeza nguvu ya kiriba, ni dalili kwamba ulimi umedhoofu. Tete likikwanguliwa kupita kiasi halirudi. Nimemtazama fundi aliyekaa adhuhuri nzima na ulimi mmoja, kisha akauweka kando bila neno, akachukua kipande kingine cha tete na kuanza upya. Na sikuona ghadhabu usoni pake, kwa kuwa alikwisha kujua tangu mapema kwamba tete lile halikuwa na moyo.

Chombo cha namna hii kinaweza kufa kikiwa kizima, kwa kukosa tu mtu wa kukipa ulimi. Mnamo 1908 James Ennis, mtu wa kaunti ya Dublin, alikuta katika duka moja la rahani mjini London gunia lenye vipande vya zumari kuukuu, akavinunua. Navyo vilikuwa kazi ya Maurice Coyne, fundi wa mtaa wa Thomas huko Dublin katika karne ya 19. Vipande vile viliunganishwa na kurudishiwa uhai, vikamwangukia mwanawe Séamus Ennis, aliyezaliwa 1919, ambaye kuanzia 1942 alizunguka vijiji vya magharibi kwa niaba ya Tume ya Ngano ya Ayalandi akiandika nyimbo kutoka vinywani mwa wazee, na ambaye upigaji wake mpaka leo ni hoja kwa wanaotaka kujua zumari hii inaweza kusema nini. Alipofariki 1982 alimwachia Liam O'Flynn chombo hicho. Kila mmoja katika silsila hiyo alirithi mbao na shaba, lakini ulimi hakuna aliyeurithi kwa kudumu, maana ulimi una umri wake.

Wanaoisikia zumari hii kwa mara ya kwanza hustaajabia marembo yake, wakadhani ni pambo lililoongezwa juu ya wimbo. Sikubaliani nao. Maadamu kiriba kinasukuma hewa, zumari haikomi kulia, na mpigaji hana ulimi wake mwenyewe wa kuikatizia sauti. Basi atatenganishaje sauti mbili zilizo sawa zikifuatana? Hana njia ila kidole: hukinyanyua kimoja cha juu kwa muda usiofika kupepesa jicho, sauti ikakatwa, hukipiga kingine cha chini juu ya tundu lake, sauti ikakatwa tena, na sauti moja ndefu imekuwa tatu, bila hewa kusimama. Kuna wapigaji, kama alivyokuwa Johnny Doran aliyesafiri na gari lake la farasi na ambaye sauti yake ilinaswa kwenye sahani 1947, waachao matundu wazi na sauti zitiririke; na kuna wale wazibao kila tundu baina ya sauti na sauti, zikatoka moja moja, kavu na dhahiri. Mikondo hiyo miwili imebishaniwa sana, na mimi moyo wangu uko kwa Doran, ingawa sikatai kwamba mkondo wa pili ni mgumu zaidi na una adabu yake.

Wapiga filimbi waliyachukua marembo hayo hayo wakayapeleka kwenye chombo kilichowafikia kwa njia ya ajabu. Theobald Boehm, Mjerumani, alipozua filimbi yake mpya ya 1832 na kuikamilisha 1847, waungwana wa okestra waliziacha polepole filimbi za zamani za mbao zenye matundu sita ya vidole vitupu, nazo zikauzwa kwa bei rahisi, zikaishia mikononi mwa wakulima wa kaunti za Sligo, Leitrim na Roscommon huko Ayalandi, ambao hawakuona upungufu wowote ndani yake. Mpiga filimbi, tofauti na mwenzake wa kiriba, hana budi kupumua, na ngoma ya Kiayalandi haimpi nafasi. Hivyo huitoa sadaka sauti moja katika mkondo ili avute hewa mahali pake, na ustadi wake hupimwa kwa sauti anayochagua kuitoa.

Na hapa jambo linatugusa. Filimbi za zamani za London zilikerezwa kwa mbao za visiwa vya Karibi, lakini leo mafundi wa filimbi na wa zumari za kiwiko kwa wingi hukereza mpingo wetu, utokao Tanzania na Msumbiji: mti unaohitaji miaka 70 hadi 100 kabla haujafaa, wenye moyo mweusi uliolemea kiasi cha kuzama majini, usiopitisha unyevu kwa urahisi na unaokubali kuchongwa kingo kali kama chuma. Hata hivyo mpingo nao una masharti yake. Filimbi mpya hupigwa kwa muda mfupi mfupi katika majuma ya kwanza. Hupanguswa ndani kwa kitambaa kila mara baada ya kupigwa. Hupakwa mafuta ya lozi. Na viungo vyake huzungushiwa uzi wenye nta, si wa kukaza mno, kwa kuwa mbao hupumua. Filimbi nyingi kuukuu zimepasuka kichwani, pale mafundi wa Uingereza walipozitia bomba la chuma kwa ndani: mbao ilikauka ikataka kujikunja, chuma hakikuiachia.

Filimbi ya bati nitaitaja kwa ufupi, ijapokuwa wengi huanzia hapo. Robert Clarke wa Suffolk, Uingereza, aliianza biashara yake 1843, na bei yake ndogo iliifikisha kila nyumba. Lakini asemaye kwamba ni chombo cha watoto na aisikilize sahani ya Mary Bergin ya 1979, kisha anijibu.

Chama cha wapiga zumari, Na Píobairí Uilleann, kilianzishwa 1968, wakati ambapo wapigaji na mafundi walikuwa wachache mno na Leo Rowsome, mwana wa ukoo wa mafundi, aliyefundisha Dublin tangu ujana wake, amebakiwa na miaka miwili tu ya kuishi. Na mwaka 2017 UNESCO ikaiingiza sanaa hii katika orodha ya urithi wa binadamu. Katika yote yaliyofanywa na chama hicho nasifu zaidi moja, nalo ni kuwapiga picha za sinema mafundi mbalimbali wakitengeneza ulimi tangu tete ghafi hadi sauti ya kwanza. Mafundi hao hawaafikiani. Huyu hukwangua kwa kisu, yule kwa msasa. Huyu huusogeza ukanda wa shaba karibu na midomo, yule huuteremsha. Na chama kimewaweka wote bega kwa bega bila kuhukumu, ili kijana aliye mbali, ambaye hewa ya chumba chake hailingani na ya Dublin, apate kuwajaribu mmoja baada ya mwingine hadi amwone yule ambaye njia yake inakubaliana na tete alilo nalo.