Toba ya Hadharani na Lalamiko Lililofungwa: Uhakiki wa Ushuhuda wa Walokole Mkoani Mara

Ushuhuda wa walokole umesomwa zaidi kama hati ya historia ya kanisa au kielelezo cha theolojia. Ni nadra kuhakikiwa kama utanzu wa fasihi simulizi wenye kanuni zake. Mkoa wa Mara unatoa mfano mzuri wa kufanyia uhakiki huo. Wamisionari wa Kimenoni kutoka Marekani walianza kazi Shirati mwaka 1934, kisha wakafungua vituo vingine, vikiwemo Bukiroba, nje kidogo ya mji wa Musoma, na Bumangi katika nchi ya Wazanaki. Uamsho uliokuwa umechipuka Rwanda na Uganda uliwafikia waumini wa Shirati mwaka 1942. Alama yake kuu haikuwa kunena kwa lugha, kama ilivyo katika makanisa ya kipentekoste, bali toba iliyotamkwa mbele ya watu.

Umbo la ushuhuda huo linafahamika. Msemaji husimama, hueleza maisha yake ya zamani, huitaja dhambi kwa jina lake, hutangaza kusamehewa, na hadhira humpokea kwa wimbo. Wimbo wa Tukutendereza uliimbwa kwa Kiganda hata na wasioielewa lugha hiyo. Kazi yake ilikuwa kumthibitisha msemaji zaidi ya kumfundisha. Kwa sababu ya umbo hili, shuhuda zimelaumiwa kwa kufanana mno. Lawama hiyo haina uzito. Hakuna mhakiki anayemlaumu fanani kwa kuanza na “Paukwa”. Swali la maana ni lipi linaruhusiwa kusemwa ndani ya umbo lisilobadilika, na lipi linazuiwa.

Lililoruhusiwa si dogo. Kanisa la Mara liliwakusanya Waluo, Wajita, Wakuria, Wazanaki na wengine, chini ya wageni walioshika fedha na uamuzi. Ushuhuda ulimtaka kila mmoja asimame pale pale na aseme kwa mpangilio ule ule, awe mmisionari au mwalimu wa Kiafrika. Zedekia Kisare, katika masimulizi ya maisha yake, anaueleza uamsho huo kama tukio lililowafanya Waafrika na wamisionari kuwa ndugu. Maelezo hayo hayapaswi kubezwa kama lugha ya ibada tu. Katika koloni lililopanga watu kwa rangi, mzungu kukiri kiburi chake mbele ya Waafrika lilikuwa tendo la hadharani lenye mashahidi.

Hata hivyo, umbo hilo hilo lina mlango unaofungwa kwa ndani. Mwafrika aliyechukizwa na tofauti ya madaraka kati yake na mmisionari aliweza kuitaja chuki yake, lakini kwa jina la dhambi tu. Baada ya kutubiwa na kuimbiwa, chuki ilikwisha. Sababu ya chuki ilibaki mahali pake. Undugu ulitangazwa mwaka 1942, ilhali Kisare aliwekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa kanisa hilo mwaka 1967. Miaka hiyo 25 haithibitishi kwamba toba ilikuwa ya uongo. Inaonyesha kwamba ushuhuda, kama utanzu, hauna sehemu ya kudai.

Derek Peterson, katika kitabu chake cha mwaka 2012 kuhusu uamsho wa Afrika Mashariki, anawasoma walokole kama wakaidi waliovuruga juhudi za wazalendo wa kikabila za kulinda heshima na siri za jamii zao. Usomaji huo una nguvu palipokuwa na taifa moja lililojijenga dhidi ya mengine. Kwa Mara unahitaji kupunguzwa makali. Kanisa lenyewe lilikuwa la makabila mengi, na palipohitaji ukaidi zaidi ni katika uhusiano na misheni. Hapo ndipo ushuhuda ulipokuwa mpole.

Upole huo unazidi pindi mdomo unapogeuka kitabu. Masimulizi ya Kisare yalichapishwa mwaka 1984 kwa Kiingereza, yakiwa yameandikwa na Joseph Shenk, mwana wa familia ya wamisionari. Hadhira iliyokuwa na haki ya kuitikia, au kunyamaza kwa mashaka, imeondoka; amebaki mwandishi mmoja na msomaji wa mbali. Haijalishi uaminifu wa Shenk, ambao hapa haushukiwi. Kinachopotea ni kimya cha wasikilizaji, na katika mkutano wa walokole kimya kilikuwa hukumu.

Ushuhuda unaosikika leo katika ibada nyingi za kipentekoste mijini una mpangilio mwingine: msemaji hutaja alichopokea, uponyaji au kazi, kuliko alichotenda. Mtafiti atakayelinganisha tanzu hizi mbili, akianzia ibada za mjini katika kata kama Mukendo na kurudi Bukiroba, itambidi kwanza awarekodi wazee kwa Kijita, Kiluo au Kiswahili, pamoja na hadhira zao.