Sifa za Fundi Aliyeweka Daftari

Katika jumla ya kazi za mikono zistahilizo kusifiwa, hatuna budi kuitaja kazi ya John D'Angelico, aliyefungua karakana yake katika mtaa wa Kenmare, mjini New York, mwaka 1932, akaidumisha hadi alipofariki mwaka 1964. Gitaa lake la jazi, ambalo uso wake haukupindwa kwa nguvu bali ulichongwa taratibu kutoka ubao mnene wa jamii ya msonobari, lilifuata njia iliyofunguliwa na gitaa la Gibson L-5 katika miaka ya 1920, lenye matundu mawili ya umbo la herufi f kwa mfano wa fidla, ili sauti yake isikike baina ya tarumbeta na ngoma.

Lloyd Loar wa kampuni ya Gibson alikuwa ametia sahihi na tarehe katika lebo za L-5 za awali. Naye D'Angelico, kwa uaminifu uleule, aliandika katika daftari zake nambari za magitaa, ambazo zilifikia 2164, pamoja na tarehe na majina ya wanunuzi. Kwa fadhila hiyo, mtaalamu wa leo, baada ya kulinganisha nambari na rangi, vigingi na nakshi za shingo, huweza kuutambua umri wa gitaa pasipo kubahatisha. Fundi aachaye kazi njema pamoja na ushahidi wake amewatendea ihsani warithi wake wote, naye astahili shukrani isiyokoma.